Mwalimu Kosara Hajui Kuna Ziwa

"Njia mtakayoendea, msirudi nayo," Stamena alisema pale getini. Hakumwambia mwanawe anayeoa, wala wapiga tarumbeta waliokuwa wameanza kuonja rakija, pombe kali ya matunda, tangu kumekucha. Alimwambia Vukosav, kaka yake wa tumbo moja, maana Vukosav ndiye mjomba wa bwana harusi na ndiye aliyeongoza msafara. "Na usinizungukie ghala la nyasi ukaja kuniambia umezunguka. Nataka njia nyingine kabisa. Umenisikia, Vukosav?"

"Nimesikia."

Alisikia na lile ambalo halikusemwa. Lipnik nzima inajua kwamba msafara unaokwenda kumchukua bibi harusi haurudi kwa njia uliyojia, la sivyo ndoa inarudi nayo ilikotoka. Watu wengi hupinda kidogo nyuma ya shule, wakacheka, yakaisha. Lakini siku Stamena alipoletwa Lipnik kuolewa, dereva alikuwa Vukosav, aliyetangulia kuhamia huko, kijana mwenye njaa na haraka zake. Njia ya kinuni, inayopita kwenye kinu cha kusagia nafaka juu ya kijiji, ilikuwa na tope. Akasema mambo ya vikongwe hayo, akarudi moja kwa moja kwa lami. Mwaka wa tatu mgodi ukamfukia shemeji yake, na Ognjen alikuwa hata kutembea hajajua.

Stamena hakumlaumu kwa mdomo hata siku moja. Ila tangu mazishi aliacha kumwita kaka. Ikawa Vukosav leta kuni, Vukosav mtoto ana homa, Vukosav paa linavuja. Naye akaleta kuni, akambeba mtoto kwa daktari, akaziba paa. Alimlea yule kijana kama wake, akamfundisha kunyoa ndevu, na siku moja akamzaba kibao kwa kuiba pikipiki ya jirani. Zaidi ya miaka ishirini ilipita hivyo, na lile neno moja halikurudi. Sasa Ognjen anaoa. Vukosav alijua kwamba kama lipo la kumrudishia dada yake, ni leo, na kama halipo leo halipo tena.

Tatizo lilikuwa kwamba Brestova, kwao bibi harusi, kuko ng'ambo ya mlima, na lami ya kuvuka mlima ni moja tu. Mwezi mzima Vukosav alikosa usingizi. Aliwauliza madereva wa magogo, kila mmoja akamwambia lake. Mwishowe, Jumamosi moja, akaenda sokoni kwa wauza vitu chakavu, akamkuta mtu anauza tochi, mipira ya kumwagilia bustani, na vifaa vya GPS vya kubandika kwenye kioo cha gari, vya bei ya chee.

"Hiki kina Ulaya nzima," muuzaji alimwambia. "Hata njia za mbuzi zimo."

Vukosav aliposikia njia za mbuzi, moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Akalipa bila kubishana bei, jambo ambalo halijawahi kutokea katika soko lile.

Basi, cha bei ya chee na mambo yake ya chee. Mguu wa mpira wa kifaa hicho haukushika kioo jua likiwaka: ulibanduka, na kifaa kikamwangukia mapajani katikati ya kona. Waya wa chaji ulipitisha umeme pale tu ulipopindwa upande, ikabidi aukaze kwa kipande cha boksi la kiberiti. Skrini ilitaka kubonyezwa kwa ukucha, na herufi uliyobonyeza siyo iliyotokea. Ukikiwasha, kilitafuta setilaiti mpaka umalize sigara mbili. Siku moja kilimwingiza makaburini, kikamtangazia kwamba amefika. Vukosav alinuna mpaka jioni.

Kiserbia hakikuwamo, akachagua Kikroatia, ambacho ni karibu lugha ileile, na humo ndani mlikuwa na mwanamke asiyepandisha sauti hata umkosee mara kumi. Gvozden, rafiki yake wa tangu utoto, alipomsikia mara ya kwanza alikaa wima kwenye kiti.

"Huyu ni Mwalimu Kosara," alisema. "Mwalimu Kosara wa darasa la pili. Kumbe mama huyu wamemfungia humu."

Jina likakaa. Na kwa kuwa Mwalimu Kosara halisi alikuwa hakosei, au hakuna aliyethubutu kumwambia kakosea, Vukosav akaanza kumwamini. Aligundua kwamba ukimwomba njia ya haraka anakurudisha kwenye lami ileile, lakini ukimwomba njia fupi kuliko zote, anakata kushoto penye msalaba wa mawe nje ya Brestova, anashuka bondeni, anavuka, na kutokea kinuni juu ya Lipnik. Ulikuwa mstari mwembamba kama uzi. Vukosav aliutazama kila usiku kitandani. Kwenda kuujaribu hakwenda. Alijiambia ana nyasi za kukata, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kukuta haupitiki, akabaki hana kitu.

Safari ya kwenda ilikuwa ya raha. Magari yalifungwa taulo na maua ya karatasi, honi zikalia mlima mzima, na Gvozden, ambaye ndiye mshika bendera, alitoa bendera dirishani na kuimba mpaka sauti ikamkauka. Huko Brestova wakalenga kwa bunduki tofaa lililotundikwa juu ya mti, kama ilivyo desturi kabla bibi harusi hajatolewa, wakalikosa mara nyingi, baba wa bibi harusi akawahurumia akalipiga mwenyewe. Kisha Dunja akatoka.

Dunja na Ognjen walijuana mjini Čačak, wakifanya kazi kiwanda kimoja, na Stamena alikwenda kumwona hukohuko. Dunja mwenyewe alikuwa hajawahi kuikanyaga Lipnik. Shangazi zake walimsindikiza mpaka garini kwa Vukosav, wakamwambia asitazame nyuma, wakalia kidogo kama inavyotakiwa. Gauni lilijaa kiti chote cha nyuma. Ognjen akapanda gari lililofuata, pamoja na msimamizi wake, na tarumbeta zikawa mwisho kabisa, ndani ya gari la mkate waliloazima.

Vukosav akamwasha Mwalimu Kosara na kungoja. Magari yakangoja nyuma yake. Honi zikaanza.

"Anatafuta setilaiti," Vukosav alisema.

"Anatafuta miwani," Gvozden alijibu. "Mpe muda, ni mtu mzima."

Ndipo sauti ikaja, ileile ya utulivu. Penye msalaba wa mawe, geuka kushoto. Vukosav akageuka kushoto, na kwenye kioo cha nyuma akaona magari yote yakimfuata, moja baada ya lingine, na kifua kikamjaa. Alitamani dada yake angeona.

Lami iliisha upesi, ikawa changarawe, changarawe ikawa mawe. Matawi yalipiga madirisha, Gvozden akaivuta bendera ndani kwa kuwa ilibaki kidogo ing'olewe. Simu hazikushika mtandao. Mguu wa mpira ukabanduka kama kawaida yake, na Gvozden akamshika Mwalimu mkononi kama anayeshika kifaranga.

"Mjomba," Dunja alisema kutoka nyuma, "huku tunakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwanangu."

"Lakini huku, kule chini, si walisema watajaza…"

"Bibi harusi leo hatazami nyuma wala haulizi njia," Vukosav alisema. Alijisikia ameongea kwa ukali, lakini saa ilikuwa inakwenda. "Kaa utulie tu."

"Sitazami nyuma. Natazama mbele."

"Mwalimu kasema moja kwa moja," Gvozden alimwambia. "Mimi nilibishana naye mara moja tu maishani, nikarudia darasa."

Saa tisa padri alikuwa anawangoja Lipnik, na saa kumi padri huyohuyo alikuwa na ubatizo kijiji kingine. Kila kona alijiambia hii ndiyo ya mwisho, baada ya hii tutaona kinu. Alikuwa anaendesha huku kiuno hakigusi kiti. Kisha wakatokea kwenye lami tena, lami nzuri, yenye mstari mweupe katikati, na Vukosav akacheka kwa sauti peke yake.

Lami hiyo iliteremka na kuingia ziwani.

Haikukatika wala haikuwekewa kizuizi. Iliingia majini kama mtu anayejua anakokwenda, na mstari wake mweupe ulionekana hatua kadhaa chini ya maji kabla haujapotea. Ng'ambo, mbali, lami ileile ilitoka majini na kupanda kilima kuelekea Lipnik. Vukosav akasimamisha gari. Habari za bwawa jipya kujazwa maji alizisikia, nani hakuzisikia, lakini za kusikia zilikuwa za upande mwingine wa mlima, na kwenye skrini pale palikuwa na mstari na kijito chembamba.

"Endelea moja kwa moja," Mwalimu Kosara alisema, "kilomita nne."

"Anataka tuogelee," Gvozden alisema. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaona haya.

Vukosav akashuka, akatembea mpaka maji yakaingia viatuni. Alichowaza si padri, wala chakula kinachopoa, wala watu watakaomsimanga mpaka Krismasi. Alimwona dada yake amesimama getini na chekeche la ngano mkononi, akiangalia magari yanatokea upande gani. Wapiga tarumbeta, walipoona magari yamesimama, walidhani ni mapumziko, wakashuka na kuanza kupiga.

Ognjen akaja akiwa ameshika koti begani. "Mjomba, tugeuze."

"Hatugeuzi."

"Saa nane na nusu hii."

"Nimeona saa. Pale kando ya maji pana njia ya trekta. Nitaipanda."

"Hiyo hata punda ataikataa. Mjomba, tugeuze, turudi mpaka msalabani, tushike lami."

"Lami ni ileile tuliyojia!" Vukosav alifoka, na tarumbeta zikanyamaza. Akashusha sauti. "Ognjen, wewe kuna jambo hulijui. Siku mama yako anaolewa, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani."

"Najua."

"Hujui."

"Bibi aliniambia nikiwa darasa la tano. Njia ya kinu ilikuwa na tope, ukarudi kwa lami."

Vukosav akamtazama. Kijana alikuwa na kicha cha majani ya rozmari kifuani, na uso wa baba yake, uleule, mpaka kishimo cha kidevuni. "Na miaka yote hiyo hukuniuliza kitu?"

"Nikuulize nini? Baba alifukiwa kwa sababu nguzo zilikuwa zimeoza na msimamizi wa mgodi alijua. Wewe ulikuwa dereva, Mjomba."

"Kamwambie mama yako hayo."

"Nimemwambia," Ognjen alisema. "Sijui mara ngapi."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alikuwa akidhani dada yake hajui tu, kwamba hakuna aliyempangia maneno vizuri. Kumbe aliambiwa, akasikia, na bado. Vukosav akapangusa uso kwa taulo la harusi lililofungwa kwenye kioo cha pembeni. Kisha akasema haya, geuzeni, na sauti haikuwa yake.

Pa kugeuzia hapakuwapo. Kipande cha lami kilikuwa kifupi, na magari mengi yalikuwa yamebanana nyuma kwenye njia nyembamba iliyotoka msituni, ikabidi yarudi rivasi moja moja mpaka kwenye uwazi wa magogo, watu wakipiga kelele kushoto, kushoto, umepita, simama. Gari la mkate lililokuwa mwisho likawa la kwanza. Gari la bibi harusi likawa mkia. Gvozden akashuka na bendera, akakimbia mpaka mbele akihema, akajipenyeza kati ya tarumbeta. Msafara ukaondoka ukiongozwa na mkate.

"Geuka pale utakapoweza," Mwalimu Kosara alisema. "Geuka pale utakapoweza."

Alisema hivyo msitu mzima. Kila baada ya kona alimtaka Vukosav arudi ziwani, bila hasira, bila kuchoka. Vukosav akakitia kifaa kwenye kisanduku cha dashibodi na kukifunga kwa ngumi, na kutoka humo sauti ikaendelea kusikika kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Mwishowe akachomoa waya.

"Samahani, mwanangu," alisema akitazama kioo. "Ulitaka kuniambia."

"Nilitaka," Dunja alisema. Kisha akauliza, "Mama yake Ognjen ataniona nuksi?"

"Wewe? Hapana. Wewe una kosa gani."

"Nauliza tu, kwa sababu magari yote yalisimama pale, na kila mtu alikuwa anaogopa, na mimi ndiye mwenye gauni."

Kutoka msalabani Vukosav alikanyaga mafuta kama kijana wa zamani, na kila jiwe la pembeni alilolipita asubuhi akiimba, sasa alilipita akiwa amekaza meno. Kila mtaa ulikuwa palepale alipouacha, na watu waliotoka kuwapungia asubuhi walitoka tena, safari hii wakiangaliana.

Walimkuta padri mlangoni mwa kanisa akiwa ameshika funguo. Aliwafungisha ndoa kwa kasi ambayo Lipnik haijapata kuiona, akaruka sala mbili, akambusu kila aliyekuwa karibu, akakimbilia ubatizo. Basi walikuwa mume na mke. Kilichobaki kilikuwa geti la Stamena.

Kutoka juu, upande wa kinu, angewaona wakishuka polepole na bendera mbele. Badala yake walitokea chini, darajani, palepale walipotokomea asubuhi. Stamena alikuwa amesimama mbele ya kitambaa cheupe kilichotandikwa mpaka mlangoni, na chekeche la ngano mikononi. Vukosav, aliyekuja mwisho, aliona kutoka mbali namna mabega ya dada yake yalivyokakamaa. Tarumbeta zilianza wimbo, zikauacha katikati.

Magari yalikuwa na tope hadi madirishani. Gvozden akaliona hilo, akajitosa.

"Stamena, mama, tumezunguka mpaka pumzi imetuishia," alisema. "Misitu, maziwa, tazama matope haya. Mlima mzima tumeuzunguka."

"Mmepita wapi?" Stamena aliuliza. Hakumwuliza yeye. "Vukosav. Mmepita wapi?"

Uongo ulikuwa tayari, umeshafungashwa, kazi yake ilikuwa kuupokea tu. Vukosav akavua kofia. "Kwa lami," alisema. "Ileile. Nilijaribu nyingine, ikaishia majini."

Stamena aliinamisha macho kwenye ngano, na chekeche likaanza kutikisika, punje zikidondoka moja moja juu ya kitambaa. Dunja alishuka peke yake, hakungoja kushushwa, akalikusanya gauni lililokuwa na alama ya matope pindoni, akaenda mpaka mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "hao walikwenda na kurudi, sawa. Mimi sikurudi. Njia hii nimeipita mara moja tu tangu nizaliwe, na ni leo, nakuja kwako."

Stamena akainua uso. Alimtazama yule msichana kwa muda mrefu, kisha akatazama darajani.

"Hata mimi," alisema. Ilikuwa kama anajisemea. "Siku ile hata mimi nilikuwa naipita mara ya kwanza. Nilikaa dirishani njia nzima. Miplamu ilikuwa imechanua kote, na baba yake Ognjen ananionyesha, hili shamba la fulani, lile la fulani." Akageuka tena kwa Dunja. "Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa na furaha."

Akampa Dunja chekeche. Dunja akatupa ngano huku na huku kama alivyofundishwa, kisha akalirusha chekeche tupu juu ya paa, maana likikaa juu, bibi harusi naye anakaa. Lilitua kwenye vigae, likasitasita, likaanza kuteleza. Lote likaja chini na kuanguka miguuni pa Vukosav. Wanawake wakashika midomo.

Stamena akaja akaliokota. Alilipangusa vumbi kwa aproni yake, taratibu, upande huu na upande huu, akamrudishia mkwewe.

"Upepo huo," alisema. "Rusha tena, mwanangu. Rusha mpaka likae."

Upepo haukuwapo, hata bendera ya Gvozden ilikuwa imelala. Kisha Stamena akageuka, akamkuta Vukosav bado amesimama kando ya gari, kofia mkononi, viatu vimejaa maji ya ziwa.

"Kaka," alimwambia, "mbona umesimama juani? Ingia ndani, uvue hivyo viatu."